Siku Tano Dodoma: Mezani, Mnadani na kwenye Miamba ya Kolo

Alhamisi

Tangu wizara anayofanyia kazi mdogo wangu ilipohamishiwa Dodoma mwaka 2017, hakuna Idi iliyopita bila yeye kunialika, na kila mara nilimjibu kwamba nitakwenda nikipata shughuli ya kunipeleka. Ndivyo tulivyozoea kuufikiria mji ule sisi tunaoishi Dar es Salaam: ni mahali pa kufuatilia faili au kuhudhuria semina, mtu akalala usiku mmoja na kuondoka na basi la alfajiri. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimewafundisha watoto wa watu habari za nyanda kame za kati, ilhali sijawahi kukaa Dodoma hata siku mbili mfululizo, na jambo hilo lilianza kunitia haya. Kwa hiyo likizo fupi ya mwaka huu niliamua kwenda bila shughuli yoyote, niutembelee mji wenyewe na kula kile ambacho ardhi yake inakitoa.

Nilisafiri kwa treni ya umeme, ile iliyoanza kubeba abiria hadi Dodoma mwishoni mwa Julai 2024. Tiketi hukatwa kwa kitambulisho na abiria hutakiwa kufika stesheni mapema kwa ajili ya ukaguzi, hivyo asiyekuwa na subira aondoke nyumbani saa mbili kabla. Nauli ya daraja la kawaida niliyolipa ilikuwa shilingi 31,000, na safari yenyewe haikufika saa nne, ingawa kwa basi siku yangu nzima ingeishia barabarani.

Kwa mwalimu wa somo langu, dirisha la treni hiyo ni ubao wa kufundishia. Hadi Morogoro nchi ni ya kijani, na milima ya Uluguru imefunikwa na mawingu yanayoletwa na pepo za bahari. Baada ya Kilosa treni inaingia kwenye mahandaki yaliyotobolewa vilimani, na inapotokea upande wa pili na kuelekea Gulwe unaona kwa macho kwamba mvua imebaki nyuma: udongo unageuka mwekundu, nyasi zinakuwa za rangi ya mchanga, na mibuyu inaanza kusimama mmoja mmoja bila jani hata moja, kwa kuwa Septemba ni mwezi wa kiangazi kikali. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na kwa mwaka wa kawaida hupata mvua isiyofika milimita 600, tena yote ndani ya miezi mitano hivi, kuanzia Desemba hadi Aprili. Namba hizo nimeziandika ubaoni mara nyingi, lakini maana yake niliipata nilipotoka stesheni ya Mkonze na midomo yangu ikaanza kukauka kabla sijafika getini.

"Shikamoo, Dada," mdogo wangu alinipokea huku akichukua begi. "Umekuja kweli, au kuna semina hukuniambia?"

Nilimhakikishia kwamba hakuna semina. Jioni ile, yeye na mkewe walinipeleka kula kuku wa kuchoma sehemu inayojulikana na kila dereva wa bajaji kwa jina la Chako ni Chako. Kuku huwa ni wa kienyeji, nyama yake ina ukakamavu unaotakiwa, na huletwa akiwa amekatwa vipande vikubwa pamoja na chumvi, ndimu, pilipili na ndizi za kuchoma. Mgeni ajiandae kusubiri, kwa sababu kuku wa namna hii hawezi kuharakishwa kwenye moto. Ajiandae pia kwa baridi, kwani mara jua linapozama upepo wa Dodoma huingia hadi kwenye mifupa. Nilikuwa nimevaa khanga na blauzi nyepesi ya pwani, na wifi yangu alilazimika kunifunika kwa shali lake.

Ijumaa

Siku ya pili niliitenga kwa ajili ya katikati ya mji, nikatembea kwa miguu, jambo ambalo Dodoma inaliruhusu kuliko Dar es Salaam kwa kuwa sehemu ya kale ni ndogo na mitaa yake imenyooka. Nilianzia stesheni ya zamani, ile ya reli ya kati iliyojengwa na Wajerumani na kufika hapa mwaka 1910. Mji huu ulianza kukua kutokana na reli hiyo, na ukisimama kwenye jukwaa lake utaona jinsi mitaa ya maduka ya Uhindini inavyoanzia pale na kusambaa. Wifi yangu, ambaye ni Mgogo wa Buigiri, anayo habari ya kale zaidi: kwamba tembo alikwenda kunywa maji katika kijito cha Kikuyu, akazama matopeni, na watu waliomwona wakasema kwa Kigogo kwamba amedidimia, idodomya, na hapo ndipo jina lilipotokea. Katika nchi ambayo maji ni adimu, naona si ajabu kwamba jina la mji mzima limehifadhi kumbukumbu ya mahali palipokuwa na matope.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi hadi Nyerere Square, bustani yenye sanamu ya Mwalimu Julius Nyerere, ambapo wapiga picha huwasubiri wanafunzi na maharusi. Nilikaa kwenye benchi nusu saa nikinywa maji. Uamuzi wa kuifanya Dodoma makao makuu ulipitishwa na TANU mwaka 1973, na serikali iliahirisha kuhama kwa zaidi ya miaka arobaini, hadi 2016 ilipoanza kuhama kwa kishindo. Hadhi ya jiji ilitangazwa tarehe 26 Aprili 2018. Kwa hiyo mtu akikaa pale anaona nyumba za tabaka tofauti za kusubiri: maduka ya kale ya mabati, majengo ya ghorofa mbili ya miaka ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na sasa vioo virefu vya jana na juzi.

Mahali ninapomsihi kila mgeni asipaache ni makumbusho ya Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, ambayo watu wengi wa Dodoma wenyewe hawajawahi kuingia. Idara hiyo ya jiolojia ilianzishwa mwaka 1925, na ndani ya kabati zake za vioo mna sampuli za mawe na madini kutoka kila pembe ya nchi, zikiwa na vibandiko vinavyoeleza zilikotoka. Nilisimama muda mrefu mbele ya mawe ya Dodoma kwenyewe, yale ya matale na ya naisi, kwa sababu ni sehemu ya kiini cha kale cha bara hili chenye umri unaozidi miaka bilioni mbili na nusu. Mawe makubwa ya mviringo ambayo mgeni huyaona yamekaa juu ya vilima vyote vya mji, kama kwamba mtu ameyapanga, ni mwamba huo huo uliomenywa na jua, mvua na baridi ya usiku. Nenda siku ya kazi, na uende asubuhi.

Mchana niliswali Ijumaa katika Msikiti wa Gaddafi, uliojengwa kwa msaada wa Libya na kufunguliwa mwaka 2010. Unachukua waumini wapatao 3,000, na hata siku ulipojaa vile sauti ya khatibu ilitufikia wanawake bila kukwaruza. Baada ya swala nilitembea hadi soko la Majengo kutafuta chakula. Hapo kuna akina mama wanaopika chini ya mabati, na sufuria zao ziko wazi mteja akague mwenyewe. Nilichagua perege wa Mtera, samaki wa bwawa lililoko mpakani mwa Dodoma na Iringa, aliyekaangwa kisha akaungwa kwa nyanya na vitunguu, na ugali wa dona. Mimi nimelelewa kwa samaki wa baharini na sikutarajia mengi, lakini perege yule alikuwa na nyama nene na tamu, wala hakuwa na ile harufu ya tope inayowakimbiza watu wa pwani. Mama aliyenihudumia alinitazama nikimaliza mchuzi kwa kidole, akaongeza kijiko kingine bila kuombwa.

Usiku, kinyume chake, tulikwenda kwenye mkahawa wa hoteli moja yenye zulia na taa nyingi. Tuliagiza kuku wa kienyeji, tukakaa saa mbili kasoro, na kilicholetwa kilikuwa kuku wa kisasa aliyechemshwa akachovywa kwenye mafuta. Mhudumu aliposikia malalamiko alisema kuku wote ni kuku. Nilikasirika, na ninaandika hapa nikiwa bado na kinyongo, kwa sababu bei yake ingetulisha sote siku mbili pale Majengo. Tangu usiku ule sikula tena mahali ambapo jiko halionekani.

Jumamosi

Mtu akiwa Dodoma Jumamosi na akakaa ndani, amepoteza nafasi ya kuona mnada wa Msalato. Uko nje kidogo ya mji upande wa kaskazini, na daladala zinazoelekea huko siku hiyo hujaa watu waliovaa kofia pana na wengine walioshika fimbo. Mnada ni wa mifugo, na sehemu hiyo ndiyo inayoanza asubuhi: ng'ombe na mbuzi huingizwa zizini, wanunuzi huwashika mgongoni na mkiani, bei hupandishwa kwa sauti ya chini kuliko nilivyodhani. Nilisikia Kigogo, Kisukuma na Kimasai ndani ya hatua kumi. Pembeni kuna mitumba, vyungu, majembe, dawa za mifugo na mafuta ya alizeti kwenye madumu.

Lakini familia za mjini huja kwa ajili ya nyama, na jambo hili linastahili kuelezwa kwa makini kwa sababu mgeni asiyejua taratibu anaweza kula vibaya hata pale. Mbuzi waliochinjwa hutundikwa kwenye mabanda, na wewe ndiye unayechagua kipande kikiwa kibichi, mkakubaliana bei kabla hakijagusa moto. Nilikuwa nimenyoosha kidole kwenye paja lililonona.

"Wifi, paja linavutia macho tu," aliniambia mke wa mdogo wangu. "Moto utakausha nje na ndani patabaki pabichi. Tuchukue mbavu, na kipande cha bega chenye mafuta yake."

Mchomaji alipasua mbavu zile, akazitunga kwenye kijiti kirefu, akakichomeka ardhini kikiwa kimeegemea makaa badala ya kukaa juu yake, ili joto liiendee nyama kwa ubavu na mafuta yatiririke polepole kuelekea chini bila kuwasha ndimi za moto. Chumvi ilitiwa mwishoni. Tulisubiri zaidi ya saa moja tukinywa soda kwenye mabenchi ya mbao, huku vumbi likipita na moshi ukibadilisha upande kila upepo ulipogeuka. Nyama ilipoletwa kwenye sinia ikiwa imekatwakatwa, pamoja na kachumbari, pilipili na ugali mdogo, ilikuwa na ngozi ya nje iliyokaukia vizuri na ndani ilikuwa laini kiasi kwamba mama mzee aliyekaa meza ya jirani aliila kwa fizi. Ushauri wangu ni huu: fika kabla ya saa sita mchana, maana baadaye mbavu huwa zimekwisha na wanaobaki wanauziwa shingo.

Alasiri tulipanda kilima cha Simba, jiwe kubwa linaloonekana kutoka karibu kila mtaa. Tulikwenda watu sita, na mdogo wangu alisisitiza kwamba mtu asipande peke yake wala asikawie hadi giza. Kutoka juu jiji lote linaonekana limelala bondeni: mnara wa msikiti, kuba la kanisa kuu la Anglikana, paa la Bunge, na mbali upande mwingine majengo ya Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa mwaka 2007, yakiwa yametapakaa vilimani. Nilipiga picha tatu tu, kwa sababu upepo ulitaka kuninyang'anya mtandio.

Jumapili

Tuliondoka saa kumi na moja alfajiri kuelekea mapango yenye michoro ya kale ya Kolo, wilayani Kondoa, umbali wa kilomita 180 hivi kutoka Dodoma. Barabara ya lami inayofika hadi Babati, yenye urefu wa kilomita 251, ilizinduliwa mwaka 2018, na ndiyo iliyofanya safari ya kwenda na kurudi kwa siku moja iwezekane. Inapita Veyula, Makutupora, ambako jirani yake Mzakwe ndiko viliko visima vikubwa vinavyolinywesha jiji, kisha Mayamaya, na baada ya hapo nchi inafunguka kuwa pori la miiba na mibuyu. Tulisimama Kondoa kwa chai ya maziwa na chapati, tukabeba karanga na maji.

Ninapofundisha mmomonyoko wa udongo mfano wangu wa kwanza ni Kondoa, kwa hiyo nilikuwa nimeketi dirishani nikitafuta makorongo. Yapo, mengine marefu kiasi cha kumeza nyumba. Hali ilikuwa mbaya sana hadi serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika ili nyasi na miti ipate kurudi. Ilikuwa amri nzito kwa watu ambao ng'ombe ndiye akiba yao. Leo kuta za makorongo zimeshikwa na vichaka na nyasi, na nilimwomba mdogo wangu asimamishe gari mara mbili ili nipige picha za kuwaonyesha wanafunzi wangu, maana kitabuni tunayo picha ya uharibifu pekee.

Kolo kuna ofisi ya mambo ya kale ambapo mgeni hulipa kiingilio na kupewa mwongozaji, na bila yeye hairuhusiwi wala haiwezekani kuyafikia mapango. Kosa letu lilikuwa gari. Tulikuja na gari dogo la kutembelea mjini, na kilomita chache baada ya kuacha lami magurudumu yalizama kwenye mchanga wa mto mkavu. Tulisukuma kwa nusu saa, tukashindwa, tukavutwa na trekta la mwanakijiji, na hatimaye tukakodi gari refu linalovuta kwa magurudumu yote manne. Atakayefuata njia hii aanze na gari la namna hiyo tangu Dodoma.

Kutoka gari linapoishia hadi Mongomi wa Kolo, mojawapo ya mapango hayo, ni kupanda mlima kwa miguu, na njia ina mawe yanayoteleza. Kisha mwamba unaning'inia juu yako kama ukumbi, na ukutani kuna watu wembamba warefu waliochorwa kwa rangi nyekundu, wengine vichwa vyao vikiwa na mviringo mkubwa unaofanana na nywele au vazi. Kuna twiga, kuna tembo, kuna pofu, yule mnyama mkubwa wa jamii ya swala, aliyechorwa kwa mstari mmoja unaoonyesha shingo na mgongo bila kusita popote. Ukikaribia unaona michoro juu ya michoro, ya kale chini na ya baadaye juu, na ile mieupe minene, ambayo hunasibishwa na wakulima waliofika baadaye, ikiwa imepita juu ya ile myekundu ya wawindaji. UNESCO iliingiza eneo hili katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006, na idadi ya maeneo yenye michoro katika wilaya hukadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Mwanaakiolojia Mary Leakey alikaa hapa mwaka 1951 akinakili michoro hiyo mmoja baada ya mwingine, kazi ambayo baada ya kuona ugumu wa kuta zile nimeiheshimu zaidi.

Kilichonigusa kuliko rangi ni maelezo ya mwongozaji, kijana wa Kirangi, kwamba watu wa vijiji vya jirani bado hupanda pale kufanya matambiko ya kuomba mvua na uponyaji. Alituonyesha mahali wanapofanyia, akatuomba tusikanyage. Nilikuwa nimekuja nikidhani nitaona kitu kilichokufa kikahifadhiwa, kumbe kuta zile bado zina watu wake, na shida inayowapeleka juu ni ile ile niliyoisoma kwenye takwimu za mvua. Nilikaa chini ya mwamba nikitazama bonde hadi mdogo wangu aliponiita mara ya tatu.

"Dada, jua linatuacha."

Tulifika Dodoma saa tatu usiku, tukala mkate na chai, tukalala.

Jumatatu

Asubuhi mdogo wangu alitupa lifti hadi kazini kwake Mtumba, kilomita 17 hivi mashariki mwa jiji, ambako Mji wa Serikali unajengwa kutoka mwanzo kabisa, wizara baada ya wizara, na miche ya miti ikiwa bado kwenye uzio wake. Mgeni hana mengi ya kufanya huko isipokuwa kupita. Mbele zaidi ni Chamwino, kijiji ambacho Mwalimu Nyerere alikaa na kufyatua matofali pamoja na wanakijiji mwanzoni mwa miaka ya 1970, na ambako Ikulu mpya ilizinduliwa tarehe 20 Mei 2023. Tuliiona kutoka barabarani.

Shabaha yetu ilikuwa Buigiri, nyumbani kwa wazazi wa wifi, na mashamba ya zabibu ya Chinangali yaliyo jirani. Zao hili lililetwa na wamisionari wa Kikatoliki kutoka Italia katika miaka ya 1950, wakalipanda Bihawana, na ardhi iliyowanyima watu mahindi ikalipokea. Mkulima mmoja alinieleza sababu huku akinionyesha matawi: hewa kavu huzuia ukungu unaoozesha zabibu mahali pengine, na kwa kuwa hakuna majira ya baridi kali ya kuulaza mzabibu, mkulima huuamsha kwa mkasi, akipogoa mara mbili kwa mwaka na kuvuna mara mbili, Machi hivi na tena Agosti hadi Septemba. Zile nyekundu zinazoitwa Makutupora zina ngozi nene na ukali kidogo mwishoni. Mimi situmii mvinyo, ambao ndio matumizi makuu ya zabibu hizi, lakini juisi yake iliyokamuliwa siku ile ile, isiyotiwa sukari, ni kinywaji ambacho ningekisafiria peke yake. Wakulima walilalamika kwamba bei hushuka wakati wa mavuno na mzigo huoza shambani, na nilipokumbuka bei ya zabibu za nje katika maduka makubwa ya Dar es Salaam niliona uchungu wao.

Chakula cha mchana kilikuwa kwa mama mkwe wa mdogo wangu. "Mbukwenyi," alitusalimu mlangoni, nasi tukaitikia kwa namna wifi alivyotufundisha garini. Aliandaa ugali wa uwele, wenye rangi ya kijivu na ladha inayokaribia ya njugu, pamoja na mlenda. Nimekula mlenda wa bamia tangu utotoni, lakini huu ni mwingine kabisa: ni majani ya porini yaliyochumwa wakati wa masika, yakaanikwa, yakatwangwa na kuhifadhiwa kwa ajili ya miezi kama hii ambayo hakuna kitu kibichi nje. Hupikwa kwa maji, magadi kidogo na karanga zilizosagwa, bila mafuta.

"Uwele hauogopi jua," alisema yule mama, "na mlenda hauogopi mwaka. Mvua ikikataa, hivi viwili vinabaki."

Nilikula kwa mkono hadi tonge la mwisho. Ni ajabu kwamba katika siku tano sikuona chakula hiki kwenye orodha ya hoteli hata moja niliyopita, wakati ndicho kinachomweleza mgeni amefika wapi. Wenye mikahawa mjini wangekipika vizuri na kukiweka mbele, badala ya kutuletea viazi na kuku wa barafu, watu wangekuja Dodoma kukifuata.

Jumanne

Kabla ya treni tulipita soko la Majengo kununua ubuyu, zabibu kavu na kilo mbili za mlenda mkavu, uliofungwa kwenye mifuko ya karatasi. Kaguzi za stesheni zilinichelewesha kidogo, kwa sababu askari alitaka kujua unga ule wa kijani ni nini. Mwenzake, aliyekuwa Mgogo, alicheka, akamwambia aniache nipite na mboga yangu.

Jioni hiyo hiyo, nikiwa jikoni kwangu Dar es Salaam na sufuria ikiwa motoni, nilimpigia simu wifi kumuuliza magadi ni kiasi gani. Aliniambia nitie kiasi cha ncha ya kijiko, nikoroge upande mmoja tu, na nisifunike.